Tabora, Mji wa Reli: Alama Zake Zatuambia Nini?

Mtoto anayezaliwa Nyamuswa, Butiama au penginepo mkoani Mara hukua bila kusikia honi ya garimoshi, kwa sababu reli haijafika huko. Hata hivyo, uko mji wa reli uliofungamana na historia ya mkoa huo. Mwaka 1937 kijana mmoja wa Butiama, Julius Nyerere, aliyekuwa amesoma Mwisenge, Musoma, alikwenda kuendelea na masomo Tabora. Siku zile mtu wa Musoma aliweza kuvuka ziwa kwa meli hadi Mwanza, kisha akapanda garimoshi katika njia iliyokamilika mwaka 1928.

Familia nyingi hupita Tabora zikielekea Kigoma, Mwanza au Mpanda. Garimoshi husimama, abiria hununua asali, safari ikaendelea. Laiti wangeshuka kwa siku moja tu, wakawaonyesha watoto wao alama zilizomo katika mji ule!

Alama ya kwanza ni ya kale kuliko reli yenyewe. Katika karne ya 19, Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, ilikuwa njiapanda ya misafara kati ya Bagamoyo, Ujiji na nchi za Ziwa Victoria. Bidhaa zilibebwa mabegani na vichwani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Njia hizo hizo zilipitishwa pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani. Kilomita chache kutoka mjini, huko Kwihara, lipo tembe ambamo David Livingstone alikaa mwaka 1872. Stanley aliondoka mwezi Machi, naye mzee yule akangoja hadi Agosti, wapagazi walipowasili kutoka pwani. Mwaka uliofuata Chuma, Susi na wenzao walipita Unyanyembe wakiubeba mwili wake kuupeleka Bagamoyo.

Hapo ndipo mzazi apaswapo kusimama na kumwuliza mwanawe: nyumba hii yaitwa kwa jina la mgeni; je, waliombeba ni akina nani? Wachache twawajua kwa majina. Maelfu ya wapagazi wengine hawakuandikwa popote, ingawa bila mabega yao pasingekuwa na msafara hata mmoja.

Alama ya pili ni reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, umbali wa zaidi ya kilomita 1,200. Nia yao haikuwa kumpumzisha mpagazi. Walitaka kusafirisha mazao na askari upesi. Ajabu ni kwamba Wanyamwezi wale wale waliokuwa wakibeba mizigo ya misafara walikuwa miongoni mwa vibarua walioijenga njia iliyoiondoa kazi yao ya zamani.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoikata koloni hiyo na Ulaya, Wajerumani waligeuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha fedha. Mwaka 1916 zilifuliwa humo sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo. Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji.

Alama ya tatu ni shule. Serikali ya Waingereza iliiweka Shule ya Tabora kwa ajili ya kuwalea watoto wa machifu wawe watumishi wa utawala wake. Lakini mjenga nyumba si lazima awe ndiye mlalaji. Yule kijana wa Butiama alitoka hapo akaenda Makerere, akarudi Tabora kuwa mwalimu katika shule ya St. Mary's. Januari 1958 alirejea tena, safari hii akiwa Rais wa TANU, kwenye mkutano mkuu wa chama. Wajumbe walibishana vikali: je, chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpigakura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia? Wakakubali kushiriki. Zuberi Mtemvu alipinga, akajitenga na kuunda chama chake. Uamuzi huo, uitwao hadi leo Uamuzi wa Busara, ulifungua mlango wa ushindi, na Uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961.

Sasa zama zinabadilika tena. Mwaka 2024 garimoshi za umeme zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na reli hiyo mpya imepangwa kupita Tabora hadi Mwanza. Ni jambo la kufurahia. Lakini stesheni mpya zijapo, za zamani husahaulika upesi, na jengo lisilo na msimulizi hugeuka kuwa kuta tu.

Mwacha asili ni mtumwa. Likizo ijayo, ndugu mzazi, mpeleke mtoto Tabora. Mwonyeshe tembe, reli na shule. Kisha mwambie habari za wapagazi, kwani hao hawana jengo la kuwasemea.