Je, Wajua? Plau kuukuu yaweza kulima nyuma ya trekta dogo

Moïse Katumbi alipokuwa gavana wa Katanga, Kongo (2007–2015), aliyataka makampuni ya madini yalime mahindi, maana Lubumbashi ilitegemea mno unga wa Zambia unaopitia mpaka wa Kasumbalesa. Mkulima mdogo hana trekta la mgodi. Lakini akiwa na trekta dogo, plau ya zamani na fundi hodari wa kuchomelea, bukari (ugali) ipo.

Siri ni mikono mitatu ya nyuma ya trekta, miwili chini na mmoja juu, mfumo uliobuniwa na Harry Ferguson wa Ireland na kupewa hataza mwaka 1926. Udongo unapoikaza plau, mkono wa juu husukumwa mbele: pua ya trekta haiinuki, na magurudumu ya nyuma hukandamizwa yasiteleze. Ndiyo maana trekta jepesi huweza kulima.

Basi plau ichomelewe fremu yenye pini tatu. Trekta la nguvu za farasi 20 hadi 45 kwa kawaida hutaka pini za chini za milimita 22, ya juu milimita 19.

Tahadhari na plau ya ng'ombe: boriti yake ilitengenezwa kwa mwendo wa mnyama anayesimama akihisi kisiki. Trekta halihisi kitu! Weka boriti nene zaidi, na bolti moja dhaifu kwa makusudi, ikatike kabla chuma hakijapinda. Kazi hii ifanywe kiangazi, mvua za Novemba zikukute tayari.