Jahazi la Ndara Lililovuka Ziwa



Kila maji yanapokupwa, fukwe zetu za Malindi, Watamu na Kilifi hubaki na mstari wa chupa, vizibo na ndara zisizo na wenyewe. Tumezoea kuuruka mstari huo tukapita.

Mafundi wa Lamu hawakuuruka. Wakiongozwa na fundi Ali Skanda, waliyeyusha takriban tani 10 za plastiki, wakazitia kalibu, wakapata mkuku, mataruma na mbao. Kisha wakaunda jahazi kama walivyorithi kwa wazee wao. Ubavuni walilivika ndara 30,000 hivi zilizookotwa pwani, likaitwa Flipflopi, kwa jina la Kiingereza la ndara. Lilishushwa majini Septemba 2018. Mapema mwaka 2019, kaskazi ikivuma, lilitoka Lamu, likatia nanga kwetu Malindi, Watamu na Kilifi, likafika hadi Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi.

Safari iliyotugusa zaidi ni ile ya Machi 2021. Kwa kuwa hakuna njia ya maji kutoka bahari yetu hadi bara, jahazi lilipelekwa Kisumu kwa nchi kavu, na huko likatweka tanga katika Ziwa Viktoria kuelekea Uganda. Ziwa hilo ndilo kubwa kuliko yote Afrika, lina takriban kilomita za mraba 68,000. Halina maji kujaa na kupwa kama ya kwetu. Upepo wa mchana hutoka ziwani, wa usiku hutoka nchi kavu, na dhoruba huzuka ghafla.

Lakini somo la ziwa si upepo. Maji hayo ndiyo wenyeji wanayonywa na kupikia, na mto unaoyatoa ni mmoja tu, Nile, unaoanzia Jinja. Chupa tunayoitupa baharini huondoka machoni petu, tukadhani imekwisha. Ya ziwani humrudia aliyeitupa.

Tusijidanganye: jahazi moja halisafishi bahari. Sheria nazo zimefanya sehemu yake. Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini, na Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zikakatazwa katika fukwe na hifadhi. Tulinung'unika, kisha tukarudia vikapu vya ukili vya bibi zetu.

Limebaki lililo mikononi mwetu: arusi, maulidi na futari. Zamani watu sita walizunguka sinia moja la pilau, wakanawa, wakashukuru. Leo kila mgeni ana sahani yake na kikombe chake cha kutupwa, na asubuhi upepo huvipeleka ufukoni.

Tunajua vilikoingilia. Mama zetu walichoka kuosha vyombo hadi usiku wa manane huku wengine wamelala. Kwa hiyo hatuwaombi wao peke yao warudishe masinia. Tunawaomba waume na vijana wa kiume waliokula wakashiba, nao wakunje mikono ya kanzu, washike sabuni. Sinia likioshwa na wengi halimlemei mmoja, na maji yakikupwa kesho yake, ufuko utakuwa na mchanga na kombe tu.