Je, Wajua? Chakula cha Mchana Kinachopanda Treni

Mjini Mumbai, maelfu ya wafanyakazi wa ofisini hula mchana chakula kilichopikwa nyumbani kwao asubuhi hiyohiyo, ingawa hawakukibeba wenyewe. Hubebewa na dabbawala, yaani mbeba makopo. Dabba ni kopo, na hapo ndipo lilipotoka neno letu debe.

Kazi hii ilianza mwaka 1890, enzi za Mwingereza. Mfanyakazi huondoka alfajiri kabla sufuria haijainjikwa, na treni za asubuhi hujaa watu hadi mlangoni. Basi dabbawala, kofia nyeupe kichwani, hupita nyumba kwa nyumba baadaye akikusanya makopo yenye chapati, dengu na mboga. Huyafunga kwenye baiskeli hadi stesheni, na huko hupangwa upya kulingana na yanakokwenda, kisha hupanda treni.

Yanajulikanaje? Juu ya kila kifuniko kuna alama za rangi, herufi na tarakimu: stesheni ya kushukia, jengo, hata ghorofa. Hakuna jina wala anwani. Wengi wa wabebaji hawa hawakusoma sana, lakini kopo moja hupitia mikono kadhaa na kumfikia mwenyewe kabla hajashikwa na njaa. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Harvard kiliandika somo zima la biashara juu yao, na walistahili kabisa.

Alasiri makopo matupu hurudi kwa njia ileile, nyumba ileile, tayari kwa mapishi ya kesho.