Methionini: Sifa, Uzalishaji na Matumizi Salama kwa Kuzingatia Mlo wa Muhogo na Samaki Kisiwani Juani

Methionini ni asidi amino yenye salfa ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza. Sharti ipatikane katika chakula. Ikiwa safi, huwa fuwele nyeupe zenye harufu hafifu ya salfa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007, mtu mzima huhitaji takriban miligramu 15 za methionini na sisteini kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku, yaani miligramu 900 kwa mtu wa kilo 60.

Kiwandani, methionini hutengenezwa hasa kutokana na akrolini, methanithioli na sianidi ya haidrojeni. Sehemu kubwa huchanganywa katika chakula cha kuku. Kiasi kidogo huuzwa kama vidonge.

Umuhimu wake kwa walaji wa muhogo unatokana na sianidi pia. Muhogo, hasa ule mchungu, una linamarini, ambayo huzalisha sianidi. Mwili huigeuza sianidi hiyo kuwa thiosianati kwa kutumia salfa itokayo katika methionini na sisteini, ilhali muhogo wenyewe una protini haba. Upungufu huo, ukiandamana na muhogo usioandaliwa vyema, huhusishwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ulioripotiwa Tarime mwaka 1985 na Mtwara mwaka 2002 hadi 2003.

Juani imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995. Huko kitoweo cha baharini huziba pengo hilo: gramu 100 za samaki mbichi hutoa karibu miligramu 800 za asidi amino hizo mbili, na za pweza karibu 500. Hata hivyo, pweza na samaki ni bidhaa za biashara pia. Kaya inayouza mavuno yote na kubaki na ugali wa muhogo mtupu hupoteza kinga hiyo.

Vidonge si mbadala wa kitoweo. Haviondoi sianidi iliyomo katika unga. Kazi hiyo hufanywa kwa kuloweka, kuvundika na kuanika. Aidha, methionini ikizidi huongeza homosisteini katika damu. Wajawazito, watoto na wagonjwa wa ini wasiitumie bila ushauri wa daktari. Kwa Juani, basi, hatua ya kwanza ni kuuandaa muhogo vyema, na ya pili ni kubakiza sehemu ya mavuno kwa ajili ya chungu cha nyumbani.