Jamaa za Mbuyu Katika Vilima vya Karagwe

Msafiri atokaye Ugogo, ambako mibuyu imetapakaa nyikani, akapanda hata kufika Kayanga au Nkwenda, atatambua kuwa mti ule umembakia nyuma. Maana mbuyu hupenda joto na ukame, wala hauoni raha katika vilima vya Karagwe na Kyerwa, nchi ya mgomba na mbuni. Mmoja aliyeishika njia hiyo ni James Augustus Grant, sahibu wa mpelelezi Speke: alipita Ugogo kisha akaugua mguu, akakaa kwa Omukama Rumanyika wa Karagwe tangu Novemba 1861 hata Aprili 1862. Na mimea aliyoikusanya safarini ikapelekwa bustani ya Kew, Uingereza.

Katika nyika za Kyerwa mgeni aweza kuuona mtongotongo, matawi yake manene yamejaa maji, akadhani amempata ndugu wa mbuyu. Sivyo kabisa: utomvu wake mweupe, uchomao macho, washuhudia kuwa ni jamaa wa muhogo. Unene ni tabia iliyofunzwa na kiu, wala si nasaba.

Nasaba hutafutwa katika ua. Ua la mbuyu, jeupe lenye kuning'inia, hufunuka jua likichwa, popo wakaja kunywa asali yake. Na ndani yake nyuzi za kiume, zibebazo chavua, zimeungana chini zikawa bomba moja. Bomba hilo hilo limo katika ua la bamia na la pamba! Fauka ya hayo, majani ya mbuyu, Wagogo wayapikapo mlenda, huteleza kama bamia.

Linnaeus, mtaalamu wa mimea, aliuita mbuyu Adansonia digitata, kwa heshima ya Mfaransa Michel Adanson aliyeuona Senegali mwaka 1749. Na digitata ni kusema wenye vidole, kwa namna vijani vyake vitano hata saba vilivyopangika. Aina za mbuyu ni nane: sita za Bukini, moja ya Australia, na huu wa bara letu. Zamani wanazuoni waliutenga, pamoja na msufi na wenzao, katika ukoo wao wenyewe. Lakini mwaka 1998, baada ya kusomwa urithi uliomo katika chembe za mimea, ukatiwa katika ukoo wa Malvaceae, pamoja na bamia, pamba na mkakao. Kwangu mimi hukumu hiyo ni ya haki, kwa kuwa ua lilikwisha kuitamka.

Basi msomaji wa Kayanga usiyepata kuuona mbuyu, lipasue ua la bamia uone bomba lile, tena asubuhi na mapema, kwani nalo, kama la mbuyu, halikai zaidi ya siku moja.