Mwiba Katika Kiganja cha Adui

Ndugu msomaji, shika mpini wa jembe. Tazama mkono wako. Vidole vinne viko upande mmoja, kidole gumba kiko upande wa pili. Kiganja kiko katikati. Vyote vikisaidiana, jembe linashikika.

Sasa fikiri mwiba umekuchoma kwenye shina la kidole gumba. Mwiba haukuvunja mpini. Haukugusa jembe. Lakini kidole gumba hakikunjiki. Je, utalima? Huwezi.

Baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI hufanya kazi namna hiyo. Mimi ni bwana shamba, si daktari. Lakini jambo hili linatuhusu sote. Anayelielewa hachezei dawa zake.

Fundi wa kirusi

Kirusi cha UKIMWI hakionekani kwa macho. Huingia ndani ya chembe za damu zinazotulinda na maradhi. Huja na maagizo yake ya kuzaliana. Lakini maagizo hayo yana mwandiko tofauti na ule ambao chembe zetu hutunzia maagizo yao. Kwa hiyo kirusi huja na fundi wake. Kazi ya fundi ni kunakili maagizo hayo kwa mwandiko wa chembe zetu. Wataalamu humwita fundi wa namna hii kimeng'enya.

Mwaka 1992 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha umbo la fundi huyu. Anafanana na mkono wa kulia. Ana vidole, kiganja na kidole gumba. Kazi ya kunakili hufanyika kiganjani.

Dawa hufanya nini?

Katika uchunguzi huo fundi alikuwa ameshikwa na dawa iitwayo nevirapini. Dawa hii haikai pale hasa kazi inapofanyika. Hujipenyeza kando kidogo, karibu na shina la kidole gumba. Hapo hufungua kishimo ambacho mwanzo hakikuwa wazi. Kidole gumba hubaki kimenyooka. Kiganja nacho hupinda kidogo. Fundi amebadilika umbo, na kazi yake imesimama. Dawa ya efavirenzi hufanya vivyo hivyo.

Mwiba ukikosa pa kushika

Ndugu mfugaji, wewe unajua habari za josho. Ukizidisha maji katika dawa, kupe dhaifu hufa. Kupe sugu hubaki, huzaa, na baadaye hata dawa kamili haiwatishi.

Virusi ni hivyo hivyo. Fundi wao hukosea mara nyingi anaponakili. Mtu akiacha dawa kwa sababu anajiona mzima, dawa hupungua katika damu na virusi huzaliana. Miongoni mwao hutokea mwenye kishimo cha umbo jingine. Mwiba haushiki tena. Kwa nevirapini, badiliko moja tu laweza kutosha.

Ndiyo maana dawa hutolewa kwa pamoja, kwa kawaida tatu. Akiponyoka mbele ya moja, adui anakutana na nyingine. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limependekeza dolutegraviri iwe dawa ya kuchaguliwa kwanza pamoja na wenzake. Hii humkamata fundi mwingine wa kirusi, yule anayepachika nakala ndani ya maagizo ya chembe zetu. Virusi haviizoei upesi. Lakini hakuna dawa inayofanya kazi ikiwa ndani ya kopo.

Meza dawa kila siku kama ulivyoelekezwa. Ikikusumbua, usiiache kimya kimya. Rudi zahanati useme. Mtu anayemeza dawa vizuri, na kipimo kikaonyesha virusi havionekani tena katika damu yake, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Lakini virusi bado vimejificha mwilini. Akiacha dawa, vitaamka.

Mwiba uko katika kiganja cha adui. Usimchomolee.