Picha Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo leo inazihusu hospitali zetu kama inavyoyahusu maduka. Tangu mwaka 2015, serikali ilipoanzisha mpango wa kukodi vifaa vya matibabu, mashine za kupigia picha zilipelekwa katika kaunti zote 47. Mpango huo ulizua mabishano makubwa, hata Seneti ikauchunguza. Swali langu, hata hivyo, si la gharama. Je, picha hizo, mgonjwa akishatibiwa, zinamfundisha nani?

Hazina ya kufundishia ni mkusanyiko wa picha za eksirei na za skani uliohifadhiwa katika kompyuta, kila picha ikiandamana na kisa chake: umri wa mgonjwa, alicholalamikia, majibu ya maabara, tiba aliyopewa na mwisho wake. Mfano mashuhuri ni Radiopaedia, iliyoanzishwa Australia mwaka 2005 na daktari Frank Gaillard, ambayo matabibu wa nchi nyingi huichangia visa. Ni msaada mkubwa, lakini hautoshi. Kifua kikuu cha mtu ambaye kinga yake imedhoofishwa na virusi vya ukimwi mara nyingi hakionyeshi yale matundu ya sehemu ya juu ya pafu yanayosifika vitabuni. Pengine picha huonekana safi kabisa. Mwanafunzi asiyewahi kuoneshwa visa kama hivyo aweza kumrudisha nyumbani mgonjwa aliye hatarini.

Msomaji atauliza: mwanaisimu ana nini na mambo ya mapafu? Nina hili: hazina ya picha ni hazina ya maneno kwanza. Mwaka 2017 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitoa hadharani picha za kifua zaidi ya 100,000, za wagonjwa zaidi ya 30,000. Majina ya maradhi hayakuandikwa na daktari aliyeitazama picha upya, bali yalichotwa na kompyuta kutoka katika ripoti za zamani. Wataalamu walipozikagua waligundua kwamba majina mengi hayakuafikiana na picha. Tena, nyingi kati ya zilizotajwa kuwa na hewa iliyovujia nje ya pafu zilikuwa za wagonjwa waliokwisha kutiwa mrija wa kuitoa hewa hiyo. Anayejifunza kwa picha hizo, awe mtu au mashine, huenda akaujua mrija asiyajue maradhi.

Sisi wa Miritini tuna jirani wa kutukumbusha jambo hili. Huko Rabai, juu ya vilima vinavyotutazama, na huko Mombasa kisiwani, mmishenari Mjerumani Ludwig Krapf, aliyefika mwaka 1844, alikusanya maneno ya Kiswahili. Kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882, naye amekwisha kufariki. Ingali na manufaa kwa sababu neno mara nyingi limewekwa ndani ya sentensi, na sentensi ndani ya maisha ya watu. Hilo ni somo la kwanza. La pili ni chungu kidogo: maneno yalitoka vinywani mwetu, kitabu kikatoka kwingine. Nisingependa picha za vifua vyetu zifuate njia iyo hiyo.

Hapana budi, basi, mwenye kifua aulizwe kwanza. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Kuficha jina lililoandikwa pembeni mwa picha hakutoshi, maana faili lenyewe hubeba ndani yake jina, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya mgonjwa. Na skani ya kichwa yaweza kuundwa upya ikatoa sura ya mtu. Mambo hayo yapasa kuelezwa kwa Kiswahili ambacho mchukuzi wa hapa Miritini atakielewa bila mkalimani. Idhini iliyotiwa sahihi kwa lugha asiyoifahamu mtu si idhini. Ni alama ya wino tu.

Wapo watakaosema kuwa matabibu ni wachache na foleni ni ndefu. Ni kweli. Lakini hazina haianzi na picha elfu. Visa ishirini vilivyochaguliwa vyema, vikathibitishwa na maabara, vikaelezwa kwa Kiingereza cha mtihani na kwa Kiswahili cha wadi, vyaweza kufundisha darasa zima. Kazi hiyo walimu wa utabibu na walimu wa lugha wanaweza kuigawana: mmoja ahakikishe ugonjwa, mwingine ahakikishe maneno. Kamusi zetu zina neno uyoka, watu husema eksirei. Mwanafunzi na ayajue yote mawili, kisha ajue kumweleza mgonjwa kilichoonekana.

Nanyi wanafunzi, msingoje mwaliko. Kila mnapotazama picha, ulizeni kisa chake, na ulizeni kama mwenyewe aliridhia. Mali tunayo. Kilichobaki ni daftari.